Kuchakura: Niliyojifunza kwa Kuku na kwa Sindano

Nafuga kuku wa kienyeji kijijini, Wilaya ya Chamwino, si mbali na Dodoma mjini. Pia nadarizi vitambaa vya meza, vya sinia na foronya, na kitambaa nikipendacho ni kile cha drafti ambacho wengi wetu tumekizoea kwenye mashati ya shule. Nyumbani kwetu kazi hizi mbili zimeishi pamoja tangu enzi za bibi: kuku wanazunguka uani, wanawake wamekaa kivulini mwa mwarobaini, sindano mikononi. Nilikuwa mtu mzima nilipopata kujua kwamba Marekani kuna darizi ya kwenye drafti iliyopewa jina la kuchakura kwa kuku, kwa kuwa mishono yake inafanana na alama za miguu ya kuku mchangani. Tangu hapo siwezi kuitazama kazi moja bila kuifikiria nyingine.

Mgeni akishuka Dodoma mwezi wa Septemba huona vumbi, mibuyu iliyopukutisha majani na mashamba yaliyobaki mabua. Akionyeshwa drafti huona sare. Kuku na mdarizi hukaa papo hapo, na kila siku hutoa kitu. Mafunzo ninayoyaandika hapa yote yanahusu jinsi wanavyokitoa, na hali zinazowawezesha.

1. Kuku huchakura hata akiwa ameshiba

Chukua kigoda, kaa umtazame kuku mmoja bila kumfukuza. Atasimama, atainua mguu, ataukwaruza udongo kwa nguvu kuelekea nyuma, atabadili mguu, pengine atarudia wa kwanza. Kisha atarudi nyuma hatua moja au mbili, atainamisha kichwa pembeni, jicho moja likiwa chini, ndipo adonoe. Hiyo hatua ya kurudi nyuma ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Akiwa amesimama juu ya alichokifukua hawezi kukiona, kwa hiyo lazima apishe.

Watu husema kuku anahangaika hivyo kwa sababu ya njaa. Mimi nimeona kuku akiacha bakuli la pumba na mtama likiwa limejaa, akaenda kuchakura chini ya mti palepale pembeni. Wataalamu nao wamelipima jambo hilo. Mwaka 1972 Ian Duncan na Barry Hughes walionyesha kwamba kuku wa kufugwa, akiwekewa chakula cha bure na pia mahali pa kudonoa ili chakula kilekile kitoke, bado hukifanyia kazi sehemu ya anachokula. Mwaka 1989 Marian Stamp Dawkins wa Oxford alichapisha hesabu ya namna kuku-pori wekundu wanavyoitumia siku yao. Hao ndio asili ya kuku wetu wote, kutoka misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Walikuwa kuku wa bustani ya wanyama, wanalishwa, lakini katika asilimia 60 hivi ya dakika alizowatazama walikuwa wakidonoa ardhi, na katika asilimia 34 walikuwa wakichakura.

Maana yake kwa mfugaji ni kubwa. Tangu Serikali ihamie Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, viwanja vimekatwa vidogo vidogo na majirani wamesogeleana. Kuku aliyekuwa akizunguka kutoka boma hadi boma sasa anafungiwa kwenye banda la mabati. Analishwa vizuri, anapewa maji, lakini chini kuna sakafu ya saruji iliyofagiliwa ikang'aa. Baada ya muda mfugaji anaanza kulalamika kwamba kuku wananyofoana manyoya mgongoni hadi kutoka damu. Mwaka 1986 mtafiti wa Uholanzi, Harry Blokhuis, alieleza kwamba kunyofoana huko ni kule kudonoa ardhi kulikokosa ardhi. Mdomo umetafuta pa kwenda, ukampata mwenzake.

Dawa ya kwanza ni rahisi na haiuzwi duka la dawa za mifugo. Mwaga maranda, pumba za mpunga au majani makavu yajae sakafuni kwa kina cha kiganja, kisha tawanya nafaka kidogo humo, wazitafute wenyewe. Wakati wa mavuno mimi hutupa masuke ya uwele yaliyokwisha kupurwa. Hayana punje nyingi, lakini kuku hushinda nayo. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika kikamilifu mwaka 2012, inayopiga marufuku vizimba vile vya zamani vya waya mtupu. Moja ya masharti yake ni kwamba kuku wa mayai apate matandazo ya kudonoa na kuchakura. Ikiwa wenye viwanda vya mayai walilazimika kufika hapo, mwenye kuku wachache uani anaweza kufika leo jioni.

2. Ardhi inayoonekana tupu ina ratiba yake

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Kuku anaijua ratiba hiyo kwa miguu. Mvua za kwanza huleta kumbikumbi, kisha panzi, viwavi na majani mororo. Aprili na Mei kuna mbegu za majani. Mavuno yakifika, kila mahali palipopurwa mtama au uwele ni shamba la kuku, na wiki hizo mayai huongezeka. Halafu kiangazi kinakaza. Kuanzia Agosti kuku anachakura sana na kupata kidogo, na anachokipata ni nafaka kavu tu. Wadudu wamezama chini, ambako ukucha haufiki.

Vifaranga ndio wanaoumia hapo, kwa sababu mwili unaokua unataka kile kinachopatikana kwa wadudu. Bibi zetu walilitatua jambo hili kwa mtego wa mchwa, na sijaona kitu cha dukani kinachoushinda kwa bei. Unachukua chungu kikuukuu au kibuyu kilichopasuka. Unakijaza mabua ya mtama yaliyovunjwavunjwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, unanyunyizia maji, kisha jioni unakifudikiza juu ya tundu ambalo mchwa wanapita. Unakwangua kwanza udongo wa juu ili tundu liwe wazi, na unakifunika chungu kwa gunia lizuie joto. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, unakiinua. Mabua yamegeuka kuwa udongo mwekundu unaotembea. Unakimwaga mbele ya vifaranga na kusogea pembeni upesi. Ukichelewa hadi saa nne, mchwa wameshateremka na umebaki na chungu cha mavumbi.

Hapa nina neno kwa wanaotuletea kuku chotara. Sina ugomvi na Sasso wala Kuroiler. Kuroiler alizalishwa India na kampuni ya Kegg Farms kwa ajili ya uani hasa, na nimeona wakitaga vizuri mahali wanapoongezewa chakula. Lakini ardhi ya kijiji ina kiasi chake. Ukiongeza kuku maradufu bila kuongeza chakula, hujaongeza nyama. Umewagawia kuku wengi zaidi mchwa walewale. Kuku mzito anayesubiri mlangoni asubuhi hadi jioni anataka mfuko wa chakula, na mfuko huo unatakiwa uhesabiwe kabla vifaranga hawajafika, si baada ya kufika. Ching'wekwe mwenye miguu mifupi, kishingo asiye na manyoya shingoni, na hata yule kuku wa kawaida asiye na jina, hao hutoka alfajiri na kurudi jioni gole limejaa. Ndiyo sababu sitaki waishe kijijini.

3. Koo huwaita vifaranga, na huwasahihisha

Kifaranga huchakura bila kufundishwa. Hata wale wa mashine, ambao hawajapata kumwona mama, utawaona siku za mwanzo wakipiga teke matandazo kwa miguu ambayo bado haina nguvu. Asichozaliwa nacho ni kujua kipi kati ya vilivyofukuliwa ni chakula. Hapo ndipo koo anapohitajika.

Sauti yake unaijua ukiwa umekulia kijijini: mlio mfupi, wa haraka, unaorudiwa, huku akiinua kitu kwa mdomo na kukiangusha, akikiinua tena na kukiangusha. Vifaranga wanakuja mbio na yeye anasimama tu, hali. Niliwahi kudhani ni ukarimu wa mama tu, nao ni ukarimu kweli, ila kuna na zaidi. Mwaka 1996 Christine Nicol na Stuart Pope walichapisha jaribio ambamo koo alifundishwa kwamba chakula cha rangi fulani ni kibaya, kisha akawaona vifaranga wake wakikila chakula cha rangi hiyo. Koo hakunyamaza. Alizidisha kudonoa na kukwaruza, kana kwamba anawavuta warudi kwenye kile anachokijua ni kizuri.

Tangu nisome hilo nimebadili namna ya kulea vifaranga kiangazi. Wengi wetu humtenga koo na watoto wake chini ya tenga ili mwewe na kicheche wasiwafikie, na ni lazima, maana vifaranga wengi hufa katika wiki zile za mwanzo. Lakini tenga lisikae mahali pamoja siku nzima. Nalisogeza kila baada ya saa chache, kwenye kivuli chenye majani makavu, ili mama apate kipya cha kufukua na watoto wapate kipya cha kuitiwa. Na mchwa wa chungu nammwagia koo kwanza, ndani ya tenga. Yeye ndiye atakayewaita.

4. Msimu wa kupanda kuku hufungwa

Hili halina mjadala. Mtama na uwele hupandwa juu juu, wengine hata kabla ya mvua, na wengi huku bado wanaberega: wanasafisha shamba na kupanda bila kulima kwa kina. Punje inalala pale pale ukucha unapofika. Kuku watano wanaweza kuifuata mistari ya jirani asubuhi moja wakaimaliza. Funga kamba mguuni au zuia bandani hadi miche isimame, na uwape matandazo kama nilivyosema. Mpelekee jirani yako mayai kabla ya msimu, siyo baada ya ugomvi.

5. Kuku wa kuzunguka anahitaji chanjo kuliko wa kufungwa

Mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri, unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima ndani ya wiki. Huku kwetu hupita zaidi kiangazi, wakati upepo, minada na safari za kuku vinapochanganyika. Kuku anaharisha kijani, anapinda shingo, anazubaa, kesho amekufa. Hakuna tiba. Na kwa kuwa kuku wetu huchakura kwenye taka za kila boma, anayemwacha huru bila chanjo anamwachia pia ugonjwa.

Chanjo iliyobadili mambo vijijini ni ile iitwayo I-2. Kirusi chake dhaifu kilichaguliwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, katika kazi ya Peter Spradbrow, makusudi kwa nchi zenye joto zisizo na jokofu kila nyumba. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa bado inatakiwa ikae mahali pa baridi na ifunikwe isipigwe jua. Hapa nchini hutengenezwa kwenye taasisi ya chanjo ya Serikali iliyopo Kibaha. Unatia tone moja katika jicho moja, basi. Unamshika kuku kichwa pembeni, tone linaanguka, unasubiri apepese, unamwachia. Kila baada ya miezi mitatu unarudia.

Sharti lake ni kwamba kijiji kichanje pamoja. Chupa moja ndogo ina dozi za kuku wengi mno kwa kaya moja, na ikishachanganywa haikai. Kwetu wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa ndio hupanga siku, huchanga pesa na kupita nyumba kwa nyumba kabla jua halijachomoza, wakati kuku bado wako bandani. Hiyo ni moja ya kazi nzuri kabisa ninazozijua, na anayeifanya hastahili kulipwa kwa asante peke yake. Kila kuku apigiwe shilingi zake, na wenye kuku wengi walipe zaidi.

6. Drafti imekwisha kuchorwa, wewe isome

Sasa nije kwenye sindano. Shuleni, katika somo la sayansikimu, tulifundishwa mshono wa mnyororo, wa shina, wa blanketi na wa msalaba. Kwa kitambaa cheupe unahitaji kuchora ua kwa penseli kwanza, na asiyejua kuchora hukata tamaa hapo hapo. Drafti inaiondoa kazi hiyo. Nyuzi za rangi na nyeupe zimepishana kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo miraba yake ni ya aina tatu: mweupe kabisa, ambapo nyeupe imekutana na nyeupe, wa rangi iliyokolea, ambapo rangi imekutana na rangi, na wa rangi hafifu, ambapo zimechanganyika. Tazama utaona kwamba kila mraba uliokolea umezungukwa na miraba minne hafifu, juu, chini, kushoto na kulia, na kila mraba mweupe vivyo hivyo. Ramani yote ya kazi iko hapo.

Mshono wa kwanza ni nyota. Unapiga msalaba kutoka pembe hadi pembe ya mraba, kisha juu yake msalaba wa pili uliosimama wima. Kwenye mraba uliokolea unatumia uzi mweupe. Kwenye mraba mweupe unatumia uzi wa rangi ileile iliyokolea. Uzi wa kudarizi wa kawaida una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Zitenganishe, tumia mbili au tatu, la sivyo nyota inakuwa nene na mraba unavimba. Amua mapema msalaba upi utakuwa juu, na usibadilishe hadi mwisho wa kitambaa. Jicho la mtazamaji halitajua ni nini kimemsumbua, lakini litasumbuka.

Mshono wa pili ni wa kunyooka, mmoja tu katika kila mraba hafifu unaoizunguka nyota. Mshono wa tatu ndio unaofanya watu waulize. Unatoa sindano karibu na mshono mmoja wa kunyooka, unaipitisha chini ya mshono huo bila kugusa kitambaa, unakwenda kwa wa pili, wa tatu, wa nne, unazunguka tena mara ya pili, kisha unaizamisha ulikoanzia. Nyota imepata pete. Ukizipanga nyota na pete kufuata mistari, rangi za kitambaa zinahama: palipokolea panaangaza, palipokuwa peupe panapata kiza, na ukiwa hatua tatu mbali unaapa kwamba mtu ameshonea lesi juu ya kitambaa.

Wamarekani waliipenda sana darizi hii miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na moja ya majina yake hadi leo linakumbusha mdororo huo. Lesi ya kweli ilikuwa ghali. Drafti ya aproni na uzi wa rangi mbili vilipatikana. Ufaransa wanaiita darizi ya Uswisi. Kila mahali imeshikwa na wanawake waliokuwa na kitambaa cha kawaida na saa za jioni, na ninaposhona nikiwa Chamwino najihisi nimo katika kundi hilo kwa haki kabisa. Wagogo wana utamaduni wao mkubwa wa shanga, na mama aliyezoea kuhesabu shanga za mkufu huichukua drafti kwa haraka ya ajabu. Nimemwona shangazi mmoja, ambaye hakupata kushika kitabu cha mitindo, akipanga kona ya kitambaa cha sinia kwa kuhesabu kimoyomoyo, na kona zote nne zikaoana.

Kitu kimoja zaidi hapa, maana ndicho kinachonirudisha kwa kuku. Mdarizi mzuri wa drafti hurudi nyuma. Anashona nyota chache, anakinyoosha kitambaa mbele yake kwa urefu wa mikono, anatazama, ndipo anaendelea. Asiyefanya hivyo hugundua mraba uliorukwa akiwa amefika ukingoni, na kufumua pete zilizokaza kunaacha matundu ambayo hayafutiki.

7. Mgongo wa kitambaa na maji yetu

Wanunuzi wazoefu hugeuza kitambaa kabla ya kuuliza bei. Uzi wa rangi usisafiri nyuma ya miraba myeupe, maana utaonekana kwa mbele kama doa la kivuli. Usifunge fundo, lalisha mkia wa uzi chini ya mishono iliyopo.

Na maji. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima vya bonde la Makutupora, na maji ya ardhini ya uwanda huu mara nyingi ni magumu: sabuni haitoi povu na kitambaa kinakakamaa. Tumia maji ya mvua uliyokinga kama unayo, hasa kwa kufua mara ya kwanza. Kabla hata ya kukata, loweka kipande cha drafti na uzi mwekundu au wa buluu katika maji ya uvuguvugu, uvibane ndani ya kitambaa cheupe. Vikitoa rangi, vifue hadi viache. Drafti ya bei rahisi pia hujikunja ikifuliwa, na ikijikunja baada ya kushonwa, nyota zote zinakunjamana.

8. Kuku ana bei yake sokoni, kitambaa lazima ukitetee

Kuku wa kienyeji wa Dodoma na Singida hahitaji kutangazwa. Matenga hupandishwa juu ya magari kwenda Dar es Salaam kila siku, na mnunuzi anajua anachokitafuta: nyama ngumu kidogo, yenye ladha, ya ndege aliyetembea. Kwa kaya nyingi za huku, kuku ndiye mali ambayo mama huweza kuiuza kwa uamuzi wake. Daftari la mtoto, nauli ya kliniki, mchango wa msiba, vyote hivyo hutoka kwenye banda kabla havijatoka popote.

Kitambaa hakina soko la namna hiyo. Mnunuzi hukilinganisha na cha mashine kutoka ng'ambo, na mshonaji aliyechoka hukubali bei inayolipa kitambaa na uzi, huku jioni zake zote zikienda bure. Kikundi chetu sasa kinahesabu bei kwa nyota na pete. Tunajua nyota ngapi zinatoka kwa saa moja ya mkono wenye uzoefu, tunajua gharama ya kitambaa, na bei inaandikwa kabla kitambaa hakijatoka nyumbani. Mteja akitaka nafuu tunampa muundo wenye nyota chache, siyo nyota zilezile kwa bei ndogo. Wengine wanaondoka. Wanaobaki wanarudi na dada zao.

Mwezi wa Agosti, viwanja vya Nanenane vya Nzuguni hujaa watu kutoka Dodoma na Singida. Mabanda ya kuku huwa upande mmoja, na kazi za mikono za akina mama huwekwa mahali pengine, mara nyingi kwenye kona isiyo na wapitaji. Tumeomba safari hii tuwe pamoja: tenga la koo na vifaranga chini, lenye matandazo mazito wachakure mchana kutwa, na juu yake kamba ya vitambaa vya drafti, vya kijani na vya buluu. Mshonaji mmoja atakaa hapo na sindano muda wote, amfundishe nyota yeyote atakayesimama, na mwingine atakuwa na chungu cha mchwa na chupa tupu ya chanjo ya kuonyesha tone linavyowekwa. Vipande vidogo vya drafti vya kujifunzia tumeshaanza kuvikata.